61,741,120: kusoma, kuandika na kuchambua idadi kubwa kwa Kiswahili

61,741,120 ni namba nzima yenye tarakimu nane. Ndiyo idadi ya watu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliyopatikana katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na ilitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka huo, awe Lisekese katika Masasi, Newala juu ya uwanda wa Makonde, au Unguja, alistahili kuhesabiwa humo mara moja tu.

Makala haya yanaitumia namba hiyo kwa kazi mbili. Kwanza, yanaonyesha sifa zake za kihisabati pamoja na istilahi za Kiswahili zinazozieleza. Pili, yanaeleza utata unaozikabili idadi kubwa zinapoandikwa kwa maneno: kifungu kimoja chenye kiunganishi *na* kinaweza kuwa na thamani mbili. Mwalimu anayesahihisha daftari, mfasiri wa mkataba na karani wa chama cha ushirika wote hukutana na utata huo.

Namba, tarakimu, idadi

Maneno haya matatu hutumiwa kwa kubadilishana katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya kitaalamu yafaa yatenganishwe. *Tarakimu* ni alama kumi za kuandikia, kuanzia 0 hadi 9. *Namba* (Kenya aghalabu *nambari*) ni thamani yenyewe, iwe imeandikwa kwa tarakimu au kwa maneno. *Idadi* ni namba inayojibu swali "ngapi?", yaani namba iliyofungamana na vitu vinavyohesabiwa. Kwa hiyo 61,741,120 ina tarakimu nane, ni namba shufwa, na ni idadi ya watu.

Namna ya kuisoma

Namba kubwa husomwa kwa kuigawa katika makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia. Mkato huonyesha mipaka ya makundi hayo: 61 | 741 | 120. Kundi la kulia kabisa ni la mamoja, linalofuata ni la maelfu, na la tatu ni la mamilioni. Kwa Kiswahili zipo njia mbili zinazokubalika za kulisoma kundi la maelfu linapofikia mia au zaidi:

1. Kwa kutumia *laki*: milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.
2. Bila *laki*: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

Njia ya kwanza husikika sana katika hotuba na taarifa rasmi nchini Tanzania. Njia ya pili huufuata mpangilio wa tarakimu moja kwa moja, kwa hiyo humfaa mwanafunzi anayejifunza thamani ya nafasi. Kosa ni kuzichanganya: *laki saba elfu arobaini na moja elfu* hurudia kipimo kimoja mara mbili.

Idadi ya watu wa Mkoa wa Mtwara katika sensa mbili zilizofuatana yaweza kutumika kwa mazoezi:

- Mwaka 2012: 1,270,854 — milioni moja, laki mbili na sabini elfu, mia nane hamsini na nne.
- Mwaka 2022: 1,634,947 — milioni moja, laki sita na thelathini na nne elfu, mia tisa arobaini na saba.

Sifa za kihisabati

*Shufwa na witiri.* Tarakimu ya mwisho ya 61,741,120 ni 0, kwa hiyo namba hii ni shufwa: hugawanyika kwa 2 bila baki. Namba isiyogawanyika hivyo huitwa witiri.

*Vigawo tasa.* Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyo na kigawo kingine ila 1 na yenyewe. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la aina moja tu tukiacha mfuatano wa kuziandika. Kwa namba yetu:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Mbili imejirudia mara sita, kwa hiyo huandikwa pia 2 kwa kipeo cha 6, yaani 64. Mwalimu anaweza kuthibitisha kwa hatua: 64 × 5 = 320; 320 × 7 = 2,240; 2,240 × 43 = 96,320; 96,320 × 641 = 61,741,120.

*Idadi ya vigawo.* Kutokana na uchanganuzi huo, kigawo chochote cha namba hii kina 2 mara sifuri hadi mara sita (chaguo 7), na ama kina ama hakina kila mojawapo ya 5, 7, 43 na 641 (chaguo 2 kwa kila namba). Zao la 7 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 112. Namba yetu basi ina vigawo 112, vikiwemo 1 na yenyewe.

*Jumla ya vigawo.* Vigawo vyote vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe vikijumlishwa vinatoa 110,458,688, jumla inayoizidi namba yenyewe. Namba za aina hii ni kinyume cha namba kama 10, ambayo vigawo vyake vidogo 1, 2 na 5 vinatoa 8 tu.

*Kipeuo cha pili.* Namba hii si mraba kamili. Imo kati ya mraba wa 7,857, ambao ni 61,732,449, na mraba wa 7,858, ambao ni 61,748,164.

*Kigawo 641.* Kigawo tasa kilicho kikubwa kuliko vyote katika namba yetu kina historia yake. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba namba za mfululizo 3, 5, 17, 257, 65,537 na nyingine zinazofuata kwa kanuni ileile ni tasa zote. Namba inayofuata katika mfululizo huo ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba si tasa: ni zao la 641 na 6,700,417. Kwamba 641 imejitokeza pia katika hesabu ya watu wa Tanzania ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayofaa kumfungulia mwanafunzi mlango wa somo la namba tasa.

Utata wa *na*

Katika Kiswahili kipimo hutangulia na namba inayokizidisha hufuata: *elfu tano* ni 5,000, *mia tatu* ni 300. Kiunganishi *na* kina kazi ya kujumlisha: *elfu na tano* ni 1,005, *mia na tatu* ni 103. Kanuni hizi mbili zikiwa peke yake hazina tatizo. Tatizo hutokea pale namba inayozidisha yenyewe ina *na* ndani yake:

> *elfu ishirini na tano*

Kifungu hiki kina tafsiri mbili zinazokubalika kisarufi. Ya kwanza ni elfu (ishirini na tano), yaani 25,000. Ya pili ni (elfu ishirini) na tano, yaani 20,005. Tuchukue mfano wa kubuni. Hati moja inasema kwamba chama cha msingi cha Lisekese kimeuza mnadani kilo *elfu ishirini na tano* za korosho ghafi. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni kilo 4,995. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, neno *na* limebeba shilingi 9,990,000.

Familia hii ya utata ina ndugu wengine, hasa katika lugha ya mazungumzo, ambamo neno *elfu* huachwa:

- *laki mbili na hamsini*: sokoni ni 250,000, kisarufi ni 200,050.
- *milioni moja na mia mbili*: sokoni ni 1,200,000, kisarufi ni 1,000,200.

Yafaa kuangalia ni wapi hasa utata huu unapoishi. Idadi husomwa kwa kushuka, kutoka kipimo kikubwa kwenda kidogo. Tunaposoma *milioni sitini na moja, laki saba…*, msikilizaji anajua kwamba *moja* ni ya mamilioni, kwa sababu baada ya mamoja hakuna kinachoweza kufuata. Idadi kamili ya sensa, kwa hiyo, haina utata. Utata huja pale kifungu kinapokoma baada ya *na*, yaani katika namba zenye sifuri nyingi mwishoni. Namba za mkato, ambazo wengi huziona kuwa nyepesi, ndizo zinazohitaji uangalifu.

Upatanisho wa kisarufi kama kinga

Lugha yenyewe ina kinga dhidi ya utata huu. *Elfu*, *laki* na *milioni* hupatanishwa na namba kama nomino za ngeli ya N: *elfu moja, laki mbili, milioni nane*. Namba inayozihesabu haichukui kiambishi cha nomino kuu. Lakini namba ya mamoja, inayohesabu vitu vyenyewe, huchukua kiambishi cha ngeli ya vitu hivyo. Linganisha:

- *watu elfu ishirini na tano* — watu 25,000
- *watu elfu ishirini na watano* — watu 20,005
- *magunia elfu ishirini na tano* — magunia 25,000
- *magunia elfu ishirini na matano* — magunia 20,005

Katika jozi ya kwanza *tano* inahesabu elfu; katika umbo la pili *watano* inahesabu watu. Silabi moja imemaliza ubishi. Kwa sababu hiyo idadi ya Mtwara ya mwaka 2012 iandikwe kwa ukamilifu *watu milioni moja, laki mbili na sabini elfu, mia nane hamsini na wanne*.

Kinga hii, hata hivyo, ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni namba zisizopatanishwa. Maumbo yanayochukua viambishi ni *-moja, -wili, -tatu, -nne, -tano* na *-nane*. *Sita, saba, tisa* na *kumi* hayabadiliki. Idadi ya Mtwara ya mwaka 2022 inaishia *arobaini na saba*, nayo hubaki hivyo hata ikiwa ni ya watu. *Magunia elfu ishirini na sita* basi ni 26,000 au 20,006, na upatanisho hauwezi kuamua.

Sababu ni asili ya maneno haya. *Sita, saba* na *tisa* yametoka Kiarabu, sawa na *ishirini, thelathini, mia* na *elfu*. *Laki* limetoka Bara Hindi. Neno la Kibantu la tisa, *kenda*, limebaki katika maandishi ya zamani na kwa wasemaji wachache, na la saba limesalia ndani ya *fungate*, siku saba za maarusi. Lugha jirani za Masasi zilifuata njia nyingine: katika Kiyao na Kimakua, sita husemwa "tano na moja" na saba "tano na mbili". Mwanafunzi aliyekulia katika lugha hizo huja darasani akiwa tayari na wazo la kujenga namba kwa kujumlisha, na mwalimu anaweza kuanzia hapo.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Nomino za ngeli ya N hazina kiambishi kinachosikika katika namba: *kilo tano, shilingi tano, tani tano, siku tano, ekari tano*. Hapo *kilo elfu ishirini na tano* hubaki na tafsiri zote mbili. Kwa maneno mengine, sarufi inatulinda tunapohesabu watu na magunia, na inatuacha tunapohesabu kilo na shilingi, yaani mahali ambapo kosa lina gharama.

Je, hesabu inaweza kulinasa kosa?

Wahasibu wa zamani na walimu wa shule wamezoea *kipimo cha tisa*. Tarakimu za namba hujumlishwa hadi ibaki moja. Matokeo ni baki ya namba hiyo ikigawanywa kwa 9 (tarakimu 9 yenyewe ikihesabiwa kuwa baki 0). Kwa 61,741,120: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22, na 2 + 2 = 4.

Kipimo hiki hukagua jumla. Sensa ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Baki ya kwanza ni 7, ya pili ni 6; 7 + 6 = 13, na 1 + 3 = 4. Imelingana. Ndivyo ilivyo pia kwa Tanzania Bara, watu 59,851,347 (baki 6), na Zanzibar, watu 1,889,773 (baki 7).

Lakini jaribu kipimo hichohicho kwa utata wa *na*. Tarakimu za 25,000 zina jumla ya 7. Tarakimu za 20,005 zina jumla ya 7. Kipimo hakioni tofauti yoyote, na hili halitokei kwa bahati. Namba *k* ikisomwa katika maelfu ina thamani ya 1,000 × *k*. Ikisomwa katika mamoja ina thamani ya *k*. Tofauti ni 999 × *k*, na 999 hugawanyika kwa 9. Ndiyo maana 4,995 ni 999 × 5, tofauti ya *laki mbili na hamsini* (49,950) ni 999 × 50, na ya *milioni moja na mia mbili* (199,800) ni 999 × 200. Utata wa *na* huhamisha tarakimu bila kuzibadilisha, na kipimo cha tisa hakijali nafasi za tarakimu.

Kipimo kinachofaa zaidi ni cha makundi: anza na kundi la mamoja, toa kundi la maelfu, ongeza kundi la mamilioni, na kuendelea. Matokeo huonyesha mgawanyiko kwa 7, 11 na 13, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa namba yetu: 120 − 741 + 61 = −560. Kwa kuwa 560 ni 7 × 80, tunathibitisha kwamba 61,741,120 hugawanyika kwa 7. Kwa 25,000 kipimo kinatoa 0 − 25 = −25, na kwa 20,005 kinatoa 5 − 20 = −15. Safari hii kosa linaonekana.

Hata hivyo, nacho kina upofu wake. *Milioni sitini na moja* ikisomwa 61,000,000 inatoa 61. Ikisomwa 60,000,001 inatoa 1 − 0 + 60, ambayo pia ni 61. Kutoka mamoja hadi mamilioni tofauti ni 999,999 × *k*, na 999,999 ni 999 × 1,001, kwa hiyo vipimo vyote viwili hushindwa. Hapo linabaki jicho la msomaji kwenye tarakimu za mwisho, na umbo la maneno: *watu milioni sitini na moja* si *watu milioni sitini na mmoja*.

Kwa wafasiri

Kwa matumizi ya Kiswahili cha Afrika Mashariki, *bilioni* ni milioni elfu moja (1,000,000,000) na *trilioni* ni bilioni elfu moja. Lugha mbili za jirani zahitaji tahadhari. Katika Kifaransa, kinachotumika pia Kongo, bilioni yetu ni *milliard*, na neno *billion* lina thamani ya trilioni yetu. Katika Kireno cha Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, bilioni yetu ni *mil milhões*. Mfasiri anayeongozwa na sauti ya neno ataikosea thamani mara elfu moja.

Alama nazo hutofautiana. Kiswahili hutenga makundi kwa mkato na sehemu za desimali kwa nukta. Maandishi ya Kireno aghalabu hufanya kinyume, kwa hiyo 61.741.120 ya huko ni 61,741,120 ya hapa.

Matumizi yanayopendekezwa

1. Namba inayozidisha ikiwa na *na* ndani yake, itangulize kabla ya *elfu*: *kilo ishirini na tano elfu* kwa 25,000.
2. Kwa 20,005 ya vitu vya ngeli ya N, taja nomino upya: *kilo elfu ishirini na kilo tano*. Mkato peke yake hautoshi, kwani hausikiki maandishi yakisomwa kwa sauti.
3. Nomino inapokuwa na kiambishi, patanisha namba ya mamoja: *watu … na wawili, magunia … na manane*.
4. Katika hati za fedha na mizani usiache neno *elfu*: *laki mbili na hamsini elfu*, si *laki mbili na hamsini*.
5. Andika idadi kwa maneno na kwa tarakimu pamoja. Zikitofautiana, mfasiri asichague upande. Amrudishie mwandishi wa hati aamue.